Bastola Iliyokwenda Kulia

Nilistaafu upolisi nikiwa mkufunzi wa silaha, nikarudi Lisekese kulima korosho na kukaa kimya. Kulima nimeweza. Kukaa kimya kumenishinda, kwa sababu watu wakishajua unaelewa bunduki wanakuletea kila kitu kinacholia, hata pikipiki.

Kwa hiyo sikushangaa msimamizi wa ghala moja la korosho kule Newala aliponipigia simu. Ghala lake lina walinzi wawili na bastola moja, wanaachiana kwa zamu. Mlinzi mpya, mama wa makamo aliyepitia mgambo, alikuwa amefeli jaribio la shabaha la kabla ya msimu. Risasi zake zote zilikwenda kulia. Jumamosi angerudia, na akikosa tena aondoke. Mlinzi wa pili alikuwa wa zamani, hajawahi kukosa hata mwaka mmoja. Huyo alikuwa mjomba wangu.

Sisi ni Wayao. Kwetu mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu. Mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Huyu ndiye aliyesema nisome wakati baba anasema niolewe, na ndiye aliyenisindikiza siku ninakwenda chuo cha polisi. Jeshi alishaliacha, mkewe alishamzika, wanawe wako mbali. Kilichobaki ni lile lango la ghala, na alilishika kama mtu anavyoshika jina lake.

Nilipanda Newala kwa bodaboda, baridi ya asubuhi ikinitoa machozi. Nilimkuta langoni, sare imenyooka kwa pasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Yaani wewe hubadiliki hata kidogo! Uko vilevile kama ulipotoka chuoni."

Nilifurahi, kama mjinga yeyote anavyofurahi akisifiwa. Nilipomweleza kilichonileta akasonya.

"Bastola haina neno. Huyo mama anaogopa mlio. Mwambie asiuogope."

Mara nyingi angekuwa amesema kweli. Anayelenga vibaya husingizia chuma, na chuma hakina mdomo wa kujitetea. Ila nimefundisha watu wengi, na mtu wa mkono wa kulia akiuogopa mlio hubana kiganja kabla risasi haijatoka, mtutu ukainama, risasi ikaenda chini kushoto. Huyu zake zilikwenda kulia, kimo kilekile, zimekaribiana kama mbegu zilizodondoka shimo moja. Mwoga hana unadhifu huo.

Tulikwenda kwenye shimo la changarawe nje ya mji, kwa ruhusa ya kituo, pamoja na askari aliyetumwa kusimamia. Nilimjazia mama yule risasi mwenyewe, nikachanganya na moja ya bandia bila kumwambia iko wapi. Ilipofika zamu ya ile ya bandia akavuta, pakalia tik, na mkono wake haukutikisika.

"Afande, nimeharibu?" akaniuliza.

"Hujaharibu kitu."

Nikapiga mimi. Kulia. Nikaiweka bastola juu ya mfuko wa mchanga, nikalenga taratibu. Kulia, palepale. Hapo mtu alikuwa ameshatoka kwenye kesi, kikabaki chuma.

Niliitoa risasi zote, nikakagua chemba, nikaisogeza kwenye mwanga. Kulenga kwa bastola ni kuweka kinundu cha mbele katikati ya pengo lililo kwenye kipande cha chuma cha nyuma. Kipande hicho hukaa kwenye mfereji, na kiwandani hukwaruzwa mstari mdogo kuonyesha mahali pake. Hiki kilikuwa kimeuhama mstari wake, kimesogea kulia, na ubavuni kilikuwa na makovu ya nyundo. Makovu mengine yalikuwa na kutu na mengine yanang'aa. Hakikugongwa siku moja.

Nilimuuliza msimamizi nani anagonga. Alikuna kichwa.

"Ni hivi, afande. Kila mwaka mzee wetu akipiga, zinakwenda kushoto kidogo. Sasa nani amwambie mzee amekosa? Tunasema bastola imechoka. Vijana wanaigonga kidogo, anarudia, inakaa sawa. Mwaka unaofuata, hivyohivyo."

Alisema bila aibu, na sidhani kama alikuwa na sababu ya kuona aibu. Walikuwa wamemheshimu. Waliiheshimisha na bastola pia, mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa haimpigii vizuri mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa yeye.

Nikakumbuka zile sifa za pale langoni, kwamba sibadiliki. Kipande cha nyuma kikisogea kulia, risasi hufuata kulia, na hayo yote yalihitajika ili kumrudisha mjomba katikati. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwenda. Mkono ulibaki na mazoea ya jeshini, unaiweka bastola mbele ya jicho lisiloona, huku la kushoto likikitafuta kinundu kwa pembeni.

Bastola moja haiwezi kuwa na kweli mbili. Nikiiacha ilivyo, mama wa watu anafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Nikiinyoosha, mjomba anaumbuka. Niliizungushia kitambaa, nikaomba nyundo ndogo na kipande cha shaba, nikakigonga kile chuma mpaka kikarudi kwenye mstari wake. Nilipiga tena juu ya mfuko wa mchanga, ikaenda katikati. Nimenyoosha silaha nyingi maishani na hiyo ndiyo pekee iliyoniuma.

Jioni nilikwenda kwa mjomba kumwambia. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, akanisimulia mambo ya jeshini, nikacheka panapochekwa. Mpwa hamwambii mjomba wake kwamba haoni, kama ambavyo hamwambii kwamba suruali yake imefunguka. Hutafutwa mtu mwingine. Niliaga bila kusema.

Jumamosi mama mlinzi alipiga wa kwanza. Zote ndani. Aliishusha bastola, akanitazama, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na msimamizi akampa mkono. Ningependa mambo yangeishia hapo. Lakini mjomba alikuwa amekwishavua koti.

"Leteni," alisema. "Nimuonyeshe."

Askari aliyesimamia alikuwa Mngoni, na Mngoni na Myao ni watani. Kwa miaka yote aliyokuwa Newala alikuwa akimtania mjomba wangu sokoni, msibani, popote, na mjomba akimrudishia. Risasi ya kwanza ikatimua vumbi kushoto, mbali na ubao.

"Mzee!" askari akapaza sauti. "Hiyo imevuka Ruvuma bila pasi! Wamakonde wa Msumbiji watakudai!"

Tukacheka wote, mjomba akizidi. "Nyamaza wewe, mla panya," alisema, akalenga tena.

Kushoto. Hakuna aliyesema bastola imechoka, kwa sababu mama alikuwa ametoka kupiga nayo sasa hivi. Mjomba akageuza uso upande wa askari, akisubiri atukanwe. Yule Mngoni alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake.

"Mbona hunitanii?" mjomba akauliza.

"Pumzika kidogo, baba," askari alijibu kwa adabu.

Kwetu mtani hana ruhusa ya kukuonea huruma. Hata mazishini kwako atakuja kuwachekesha wanaokulilia. Akikuita baba na kukuambia upumzike, ujue kuna jambo ambalo watu wote wanalijua isipokuwa wewe. Nilimwona mjomba akilipokea jambo hilo. Alitoa magazini, akakagua chemba kwa kuingiza kidole kwa sababu kuona hakuoni, akamgeukia mama mlinzi akiwa ameelekeza mtutu chini.

"Shika, mwanangu. Lango ni lako."

Kisha akaniita. Nilidhani atanigombeza mbele za watu, na ningevumilia.

"Wewe ndiye uliyeinyoosha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alivaa koti lake. "Basi nipeleke hospitali, Ndanda," alisema.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeiva kabisa. Wakaanza na hilo. Kesho yake asubuhi nesi aliifungua bandeji, akalisafisha jicho, akamwambia alifumbue polepole. Mjomba alitazama dirisha kwanza, halafu mikono yake, halafu mimi. Alinitazama muda mrefu hadi nikajisikia vibaya.

"Kumbe umezeeka hivi, mwanangu," alisema. "Na wote mlinyamaza."