Bugali wa Baba Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni, ingawa siku yenyewe sikucheka. Ilikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka tuliokimbia Fizi kule Kongo. Nilikuwa bibi harusi mpya, na ilinipasa kumsongea baba mkwe bugali, yaani ugali, wa kwanza.

Kwetu jambo hilo si mchezo. Bibi harusi husonga peke yake, hupeleka mwenyewe, na baba mkwe humega tonge la kwanza. Akila, wewe ni binti wa nyumba. Akisukuma sahani, utabaki mgeni hata uwazalie wajukuu saba. Na baba mkwe wangu, Mzee Asukulu, shemasi wa kanisa na mkaidi kuliko mbuzi, hakuwa amegusa ugali wa mahindi tangu avuke mpaka. Aliishi kwa viazi vitamu. Kwake bugali ulikuwa wa muhogo uliolowekwa ukachacha, basi. Ukimsihi hujibu, "Mwacha asili ni mtumwa," huku shingo ikizidi kukonda. Sasa muhogo tungeutoa wapi? Mwaka ule mashamba ya jirani yalipigwa na ugonjwa wa majani, na tulichogawiwa kambini ni mahindi na maharagwe.

Siku hizo nilikuwa nikilima kibarua Rugaaga, nje ya kambi, kwa Mnyankore mmoja, mwenyeji wa huko, Mama Kobusinge. Akanikuta kando ya jembe nalia. Nikamweleza yote, nikidhani atanibembeleza.

"Wewe unatafuta Kongo ndani ya Uganda," akasema. "Hiyo hautapata. Tafuta chakula. Kunywa bushera, halafu tulime."

Nilikasirika, mwanangu, lakini kiu haina kiburi. Nikapokea kibuyu cha bushera, ule uji wao wa mtama uliochachushwa. Kabla sijanywa, harufu ikanipiga puani: muhogo ndani ya maji, nyuma ya nyumba ya mama yangu! Papo hapo nikajua. Alichokosa mzee ni ule uchachu, na kuchachusha nilikujua tangu utoto.

Nikaloweka mahindi kama tulivyoloweka muhogo, nikayaacha mpaka maji yakatoa povu, nikayaanika juu ya shitingi, lile turubai la plastiki tulilopewa. Majirani walipita wameshika pua. Mwenye mashine ya kusaga akapiga kelele, "Mama, hii imeoza, itaharibu mashine!" Nikamwambia asage tu, kilichooza nitakula mimi. Sikuwa na wasiwasi, nilijua ninachofanya. Wifi yangu akaninong'oneza, "Umuambie papa ni muhogo. Hatajua." Nikakataa. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa na miaka mingi ya kukaa katika nyumba ile.

Nikasonga, nikapeleka pamoja na mboga ya lengalenga. Mzee akanusa, akamega, akameza. Akamega tena.

"Muhogo mulitoa wapi?"

"Si muhogo, papa. Ni mahindi ya kambi, nililobeka mu maji."

Kisha akaisukuma sahani kuelekea kwangu, na moyo ukanikatika.

"Hii si bugali ya kwetu," akasema. "Uongeze ingine."

Nilikimbia jikoni nikilia kwa furaha, nikaongeza.

Basi wewe uliyepanga chumba Kakiika na kulalamika kwamba Mbarara hakuna mawese, nisikilize. Usingoje vitu vya kwenu ndipo upike. Jiulize mama yako alikuwa akitafuta nini katika chungu chake, uchachu, mafuta au moshi, kisha ukitafute katika kilichopo sokoni. Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Lakini walisema jicho moja, mwanangu. La pili libakize likuoneshe kwenu. Na anayekula mkononi mwako mwambie ukweli wa alichokula, maana chakula cha kudanganyia hukulazimu kudanganya kila siku.

Bwana aibariki mikono yako popote itakapowasha moto, na wanao wasilale njaa kwa sababu ya ukaidi wa mtu.