Mama wa Rubisi Aliyeacha Kuonja

Kama umewahi kupita Buganguzi ukauliza rubisi nzuri, ile pombe ya ndizi, inapatikana wapi, ulielekezwa kwa Gaudiosa kabla hujamaliza swali. Kilabu chake kilikuwa cha miti na bati, karibu na kanisa kiasi cha kumkera katekista. Mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mnene, mcheshi. Mlevi akianza fujo, Gaudiosa hakumfukuza. Alianza kumsifu mke wa mtu huyo kwa sauti kubwa, mpaka mwanamume akaona haya na kwenda nyumbani. Kwa rubisi hiyo alisomesha watoto, na kwa rubisi hiyo alimzika mumewe kwa heshima. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka.

Ikaja korona. Mwaka wake wa pili, wazee walipoanza kuzikwa mmoja baada ya mwingine na ndugu wakisema kwa sauti ya chini kwamba ni nimonia, Gaudiosa aliitwa Muleba mjini kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo. Aliyewafundisha alikuwa Evelyne, binti wa shirika moja la akina mama. Aliwaambia waweke ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mabenchi yaachane. Wapunguze wanachopika, kisije kikawaozea, na mteja anayeogopa kukaa na watu apelekewe chake nyumbani kwa dumu.

"Na kubwa kuliko yote, mama zangu," alisema Evelyne, "mdomo wa mtu usiguse chombo cha mwenzake."

Wengine walikuwa wanasinzia wakingojea chai. Gaudiosa alisikiliza kwa makini, maana wateja wake wengi walikuwa wazee, na aliwapenda.

Alirudi akafanya yote. Ndoo ikawekwa, mabenchi yakatenganishwa, na kila mteja akaambiwa aje na kikombe chake. Waliotaka kubishana walibishana, lakini walileta vikombe. Mzee Mushumbusi, mteja wake wa miaka mingi, alikuja na kikombe cha plastiki chenye maua.

"Ma Gaudiosa, waitu, siku hizi tunaingia kilabuni au hospitali?"

"Hospitali hawakupi rubisi, Ta Mushumbusi. Nawa mikono ukae."

Watu wakacheka, na mambo yakaenda. Ila lilikuwapo jambo moja ambalo Evelyne hakulitaja.

Kwa Wahaya, mwenye pombe huonja kwanza. Anaweka mdomo kwenye kibuyu mbele yako, anameza, ndipo anakupa. Hakuna anayeeleza sababu kwa kuwa kila mtu anaijua: anakuonyesha kwamba hamna sumu. Gaudiosa aliwaonjea wateja maisha yake yote. Sasa aliambiwa mdomo usiguse chombo cha mwenzake, naye akaacha kuonja, kimya kimya, bila kumweleza mtu. Angeweza kujimiminia kwenye kikombe chake mwenyewe, akanywa wote wakimwona, na yakaisha. Hilo halikumjia akilini. Simlaumu sana, maana mtu anayeogopa kuwaua wateja wake hapati nafasi ya kuwaza mengine.

Wateja waliona. Wakaweka moyoni.

Kisha Mushumbusi akaugua. Alibanwa kifua, pumzi zikamwishia, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana alikuwa amefariki. Kabla ya maji ya kumwosha kuchemka, maneno mawili yalikuwa yamekutanishwa kijijini. La kwanza, marehemu alikunywa kwa Gaudiosa. La pili, Gaudiosa siku hizi haonji.

Hakuna aliyemwita muuaji mbele yake. Waliacha kuja tu. Ndoo ilikaa mlangoni na maji yake, mabenchi yakakaa na nafasi zake, na rubisi ikachacha kwenye vyombo mpaka akaimwaga kwenye migomba. Njaa haikumtisha, kwa sababu ndizi zilikuwapo. Kilichomuuma ni jina. Aliona wajukuu wake watakavyoolewa kwa shida, wakisemwa kuwa bibi yao alitia watu sumu, na alilia kwa hasira, akimlaani Evelyne, akimlaani marehemu kwa kufa vibaya, halafu akitubu hapo hapo.

Msibani ilibidi aende kabla matanga hayajaisha. Asingekwenda, angekuwa amekiri. Na jirani muuza rubisi haendi msibani mikono mitupu. Alikamua ndizi zake za mwisho zilizoiva vizuri, akapika kwa uangalifu kuliko siku zote. Asubuhi ya kwenda aliamka kichwa kizito na viungo vinauma. Akasema ni moshi wa kuni, na kulia kwingi.

Waombolezaji walikuwa kwenye kibanja cha marehemu, chini ya turubai, wazee wamebanana kwenye mabenchi kama vile korona haijawahi kusikika. Mjane, Joanitha, alikuwa mkekani. Karugendo, mtoto wao mkubwa aliyekuja kutoka Nyanga, alisimama kumpokea mgeni, lakini mikono yake ilibaki nyuma.

"Ahsante kwa kuja, Ma Gaudiosa. Kabla hatujapokea, onja."

Gaudiosa alitoa jani kwenye mdomo wa kibuyu, akakiinua, akanywa funda kubwa ili kila mtu aone ikishuka kooni.

Watu wakapumua. Mzee mmoja, ambaye wiki nzima alikuwa akizunguka na habari za sumu, akatangaza, "Nilijua mimi! Huyu mama hana ubaya." Karugendo akanyoosha mikono yote miwili, macho yakiwa chini kwa aibu.

"Utusamehe, mama. Tupe tunywe."

Gaudiosa hakumpa. Alikuwa amesimama na kibuyu mkononi, na rubisi aliyoimeza haikuwa na ladha. Haikuwa tamu, haikuwa kali. Akanywa tena, akavuta harufu kwenye mdomo wa kibuyu, na hakupata kitu, kama maji ya mvua. Siku zote ulimi wake ulikuwa ukimwambia hata ndizi zimetoka kibanja cha nani. Akakumbuka chakula cha siku zilizopita, jinsi kilivyokuwa hakina ladha na yeye akaulaumu uchovu. Redio zilikuwa zimekwisha kusema vya kutosha, na hakuna mtu Buganguzi asiyejua ulimi ukifa hivyo ni ugonjwa gani.

Mikono ya Karugendo ilikuwa bado imenyooshwa. Angempa kile kibuyu, jina lake lingesafika hapo hapo, na kesho kilabu kingejaa. Alitamani kumpa. Alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Akakikumbatia kibuyu kifuani.

"Siwapi."

"Mama, tumeshakuamini."

"Ndiyo maana siwapi." Akarudi nyuma, akatoka chini ya turubai mpaka kwenye migomba. "Ninaumwa, ndugu zangu. Nimeonja, sisikii kitu. Rubisi haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Asinisogelee mtu." Na mbele ya wote akaimwaga chini.

Yule mzee aliyejua tangu mwanzo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhama benchi. Wengine wakafuata, wanawake wakivuta kanga puani. Joanitha peke yake hakusogea. Alimtazama Gaudiosa kutoka mkekani kwa macho yaliyokaushwa na kilio.

"Ma Gaudiosa," akauliza, bila ukali wowote, "uliacha kusikia ladha kabla ya mzee wangu kuja kwako mara ya mwisho, au baada?"

Gaudiosa alijaribu kukumbuka. Alijaribu kwa nguvu zake zote, kibuyu kitupu mkononi.

"Sijui," akasema. "Mungu ananiona, Ma Joanitha, sijui."