Dua ya Mama

Kila jirani yangu anapofukiza ubani, naiona sebule yetu ya Igogo, nami nimebanwa mkekani kati ya magoti ya wanawake. Serikali ya Waingereza ilikuwa imekipiga marufuku chama cha kudai uhuru mjini kwetu, na aliyekutwa mkutanoni alifungwa. Maulidi hayakukatazwa, na mama ndiye aliyewaongoza wanawake wa mtaa kuyasoma. Siku ile walikuja hata majirani Wakristo, wakajitanda khanga, wakakaa nasi.

Katikati ya kisomo, askari alisimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Hapa kuna mkutano?"

"Marahaba. Kuna maulidi, mwanangu. Vua viatu uingie."

Alivua, akaketi karibu na mlango. Jirani aliyekuwa nyuma yangu alinishika bega kwa nguvu. Mama hakushusha sauti. Aliinua mikono, akaomba kwa Kiswahili:

"Ee Mola, tupe moyo wa kuidai nchi yetu. Waliofungwa kwa ajili ya chama, watoe salama."

"Amina," wakaitikia wote. Askari naye alikuwa amefungua viganja.

Baada ya chai alivaa viatu taratibu.

"Maulidi mengine lini, mama?" aliuliza. "Nataka kumleta mke wangu."