Modemu Mpya na Kuku wa Mama Mkwe

Modemu ya kwanza iliuawa na radi. Tulikuwa tunakula, mvua haijadondoka hata tone, kikapiga kishindo kimoja na kile kidude kikatoa moshi. Nikasema basi, nitanunua nyingine mwisho wa mwezi, kwani dunia inaisha? Mke wangu akaniangalia. "Na Jumamosi je?" Nikaacha kutafuna, maana Jumamosi nilikuwa nimeisahau kabisa.

Jumamosi hiyo mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa anaweka nadhiri za daima huko Italia, awe sista wa kufa na kuzikwa. Misa ingeonyeshwa mubashara mtandaoni, kwa saa zetu saa tano asubuhi. Mama mkwe alikuwa amekataa jambo hilo tangu mwanzo. Alitaka binti aolewe Ushetu hukohuko, karibu na mashamba ya tumbaku, amzalie wajukuu. Binti alipopanda ndege, mama akasema asimpigie simu tena, na kweli simu ikakoma. Sasa moyo ulikuwa umelegea. Alituma salamu kwamba anakuja kwetu Geita ambariki mwanawe wakati uleule anapoapa. Mke wangu akamwambia misa itarekodiwa, hata wiki ijayo ataiona. Mama akajibu, "Ya wiki ijayo nitaibarikije? Mtu akishavuka mto ndiyo unamwambia vuka salama?"

Nikaenda kununua modemu. Mimi nauza vifaa vya wachimbaji hapa Kalangalala, Geita mjini: kamba, tochi za kichwani, pampu za kutolea maji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Nikamwambia mke wangu kwamba mtu anayefufua pampu iliyokunywa tope hawezi kushindwa na kidude chenye taa tatu. Aliyatunza maneno hayo, akanirudishia kesho yake.

Niliporudi nayo Ijumaa jioni, mama mkwe alikuwa keshafika na kuku wake mweusi, zawadi ya nyumba. Hakutaka kuku alale nje, akamfunga kwenye mguu wa kiti, sebuleni, karibu na pazia la kuingilia koridoni. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Nyumbani kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, sebuleni dirishani, kando ya runinga. Na sebuleni ndiko alikokaa mama mkwe.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, akitokea mlango huu mimi natokea ule. Hakuna ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Tangu nioe, mama mkwe namjua kwa sauti na kwa pindo la kanga. Kama nina neno, nampa mke wangu, naye analipeleka. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi mke wangu aliichomeka modemu dirishani, mimi nikasimama koridoni, nyuma ya pazia, nikitengeneza intaneti nisiyoiona.

"Muulize mama taa zinawaka?"

Mke wangu akauliza, akarudi. "Anasema zinawaka."

"Zote?"

"Zote."

Nikashika simu, ikakamata mtandao. Nikatabasamu mwenyewe pale gizani. Mara mbingu ikanguruma kwa mbali, upande wa ziwani, na mtandao ukapotea.

"Muulize sasa hivi taa zikoje."

"Anasema zimezima."

Kabla sijafungua mdomo mke wangu akaniambia zimewaka tena. Nikangoja. Mtandao ukarudi. Mbingu ikanguruma, ukakata. Mchezo huo ukaendelea mpaka jasho likanitoka. Nilimtukana aliyeniuzia, nikamtukana aliyeitengeneza, nikaitukana na laini iliyokuwa ndani yake. Mke wangu akaniambia nipunguze sauti, mama anasikia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea binti mmoja mwenye sauti ya upole wa kufundishwa.

"Baba, umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Inajizima na kujiwasha yenyewe, binti yangu, haihitaji msaada wangu."

"Sawa baba. Uko mbele ya kifaa?"

"Siko. Niko nyuma ya pazia."

Akasita. "Unaweza kusogea kwenye kifaa, baba?"

"Mama mkwe wangu yumo."

Nilitegemea acheke. Akashusha pumzi, ule upole wa kufundishwa ukamtoka, akaongea kama mtoto wa nyumbani. "Hapo nimekuelewa, baba. Pole sana." Akanishauri nimtafute mtu wa kunitazamia ni nani au ni nini kinachokata umeme, kisha akaniombea siku njema.

Nikamgeukia mke wangu, kumbe hayupo. Maharage yalikuwa yanaungua, amekimbilia jikoni. Saa tano ilikuwa inakaribia. Upande wa pili wa pazia mama mkwe alikohoa, nami nikakohoa. Tukakaa hivyo, watu wawili wazima, hakuna wa kutupelekea neno. Chini ya pazia nikaona kichwa cha yule kuku kimechungulia upande wangu. Mjumbe aliyebaki ni huyo.

"Kuku," nikasema, "hivi humo ndani kuna mtu anagusa swichi ya modemu?"

Sauti ya mama mkwe ikaja, taratibu kabisa: "Kuku, mwambie ninayezima ni mimi. Mbingu inanguruma."

Nikaegemea ukuta. "Kuku, mbona asubuhi yote hilo halikusemwa?"

"Kuku, mwambie niliulizwa taa zinawaka au hazijawaka. Nikajibu. Aliyeuliza nani anazima ndiyo huyu sasa."

Nilikuwa na maneno mengi, ila mama mkwe hafokewi, hata kwa kupitia kuku. Nikambembeleza yule ndege. Nikamwambia radi bado iko mbali, tumwachie Mungu.

"Kuku, muulize ile iliyounguza ya kwanza haikuwa ya Mungu?"

Nikasema lililokuwa moyoni: kwamba nahangaika hivi kwa sababu najua amekuja kwa ajili ya mtoto wake, na nikishindwa mimi, yeye atarudi Ushetu na baraka yake mkononi, na mimi sijui nitamtazamaje mke wangu. Kuku akadonoa kisigino changu.

"Kuku, mwambie sizimi tena. Ikiunguza, iunguze."

Mtandao ukatulia. Lakini mke wangu aliporudi, akinuka moshi, akawasha runinga, ikagoma, ilikuwa bado inaitafuta ile modemu marehemu, na ilitaka iingiziwe neno la siri jipya kwa rimoti. Mke wangu na rimoti hawajawahi kuelewana. Akavua kanga yake ya juu, akanifunika kichwa chote, akaniingiza sebuleni kinyumenyume kama gari linaloegeshwa. "Hiyo pampu yako iliyokunywa tope iko wapi?" akaninong'oneza. Nikageuzwa, uso kwa runinga na mgongo kwa mama mkwe, nikabonyeza herufi mojamoja kwa kuchungulia kwenye upenyo. Nikakosea, nikarudia. Mara kwaya ikaanza kuimba.

Mdogo wetu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mbele ya altare.

"Ameanguka?" mama mkwe akauliza.

"Hapana mama, ndivyo wanavyofanya."

Niliogopa kusogea, nikabaki palepale mbele ya runinga na kanga yangu kichwani. Mdogo wetu akainuka, akapiga magoti, akaanza kusoma nadhiri kwa Kiitaliano. Mwishoni akatamka jina lake, lile alilopewa na mama yake, kwa lafudhi yetu ileile. Nyuma yangu nikasikia kiti kikilia, mtu anasimama, na bakuli linainuliwa. Bakuli la maji nilikuwa nimemwona mke wangu akilipeleka humo tangu jana, nikadhani ni ya kunywa. Ovyo kabisa mimi, kana kwamba sijui wazee wetu wanabariki vipi.

Akajaza maji kinywani, akayapuliza kwa nguvu zake zote. Yakapiga runinga, yakapiga modemu, yakanipiga mimi shingoni na mgongoni. Kidude kikalia tii, taa zikafa, na picha ikaondoka.

Nilisubiri mke wangu atumwe. Nilisubiri hata kuku atumwe.

"Mkwe," mama akasema, akiniambia mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, "nimeshambariki. Sasa kinaweza kuzima."

Nikiwa nimelowa, kanga imenigandia usoni, nikapapasa mpaka kwenye pazia, nikamwinamia kuku nikamwomba ampelekee mama amina yangu.