Neno la Madame Nuala

Harufu ya shuka mbichi ikipigwa pasi hunirudisha Uccle, huko Ubelgiji, kwenye nyumba ya Madame Nuala, ambako mama yangu alifanya kazi za ndani. Nilikuwa na miaka kumi. Jumatano shule zetu hufungwa mchana, basi mama alinipeleka huko, nikaketi mezani karibu na Madame, Mwairishi aliyekuwa akitafsiri makaratasi kwa lugha ya kwao.

Siku moja nilimwuliza lugha hiyo inaiitaje kompyuta.

"Ríomhaire," akasema, akacheka nilivyolitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Akanieleza kwamba neno limetokana na ríomh, kuhesabu. Kabla ya mashine, ríomhaire alikuwa mtu anayehesabu. Na ríomh hiyohiyo, akaongeza, ni kusimulia pia.

Nikafurahi mno. "Maman, weye ni ríomhaire!" nikapaza sauti, kwa maana kila tukipanda metro mama alituhesabu kwa kidole, mimi na mdogo wangu.

Madame akamgeukia. "Kwani una watoto wangapi?"

"Deux," mama akajibu, wawili, pasi mkononi.

"Trois!" nikasema, watatu. "Na yaya Ngoie?"

Yaya Ngoie, dada yetu mkubwa, alibaki Likasi kwa bibi tulipokuja Ubelgiji. Mwaka uliofuata homa ilimchukua, na mama, ambaye karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka, hakuweza kwenda kumzika. Nyumbani kwetu Anderlecht hatukumtaja.

Mama alizima pasi, akavaa koti. Njia nzima hakunishika mkono. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo aliposema, "Nikisema trois, bataniuliza wa tatu iko wapi. Alors nitabaambia nini?"

Mimi nilisikia hasira tu. Nikaomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Mama hakurudi tena kwa Madame Nuala. Alipata kazi nyingine Laeken.

Kwa miaka mingi niliamini, kwa uchungu, kwamba mama alimfuta mwanawe kwenye hesabu. Nilikuwa mtu mzima, nami nina binti, nilipoelewa kwamba kumhesabu kungemlazimu kusimulia: ile simu ya asubuhi iliyoleta habari ya kifo, kaburi asilowahi kuliona. Na kusimulia hakuweza.

Mpaka leo hajaweza. Yuko hai, tunakula pamoja kila Jumapili, nami sijui hata yaya Ngoie alikuwa na miaka mingapi alipokufa.