Onyo la Kitenzi Draw

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa shule moja ya upande wa Guta alinikabidhi boksi la chaki, kitabu cha Kiingereza na darasa lililofurika. Alisema nisijisumbue, niwakaririshe tu, kinachotakiwa ni mtihani. Mimi ni mbishi tangu utotoni Butiama. Nilimsikiliza kwa heshima nikijua sitamtii.

Wiki hiyo tukafika kwenye kitenzi draw. Darasa zima lilijua maana moja tu, kuchora. Kitabu kilikuwa na orodha ndefu: draw water, draw a breath, draw the curtain, draw a crowd. Chuoni nilizikariri zote bila kujiuliza maji na picha vinakutania wapi, na sasa niliona aibu. Stoo kulikuwa na kamusi kubwa ya zamani. Mchwa walikuwa wameila nusu, ila herufi D ilipona. Humo nikasoma kwamba kwa Waingereza wa kale neno hilo lilimaanisha kukokota, tena lina undugu na drag, yaani kuburuta. Kuchora kulikuja baadaye, maana kalamu nayo hukokotwa juu ya karatasi. Maji huvutwa kisimani, pumzi huvutwa, pazia huvutwa, watu huvutwa na ngoma. Hata droo ya meza imetoka kwenye ukoo huo, kwani usipoivuta haifunguki.

Nikaweka sheria: maana haiingii kwenye daftari kabla hatujaifanya kwa mikono.

Jirani wa shule alikuwa na maksai wawili, yaani ng'ombe waliohasiwa wa kulimia. Mkuu alinikubalia kwa mdomo. Tukatoka darasa zima, tukawafunga nira, wanafunzi wakashika plau kwa zamu. Nyuma yao ukabaki mstari mrefu ardhini. Msichana aliyekuwa kiongozi wa darasa akautazama, akasema, "Madam, kumbe ng'ombe wamechora." Nilifurahi mno.

Mkaguzi wa shule akatukuta palepale. Akadai andalio la somo, ile karatasi inayoonyesha mwalimu atafundisha nini na kwa dakika ngapi. Akaisoma, akawatazama ng'ombe.

"Mwalimu, hapa umeandika Kiingereza. Mimi naona kilimo."

"Ni Kiingereza, mzee. Waulize wanafunzi."

Hakumuuliza hata mmoja. Mkuu alipoitwa, akasema hana habari. Nikapewa njia mbili: niandike kuomba radhi na kuahidi kufundishia ubaoni, au barua ya onyo iingie kwenye jalada langu na nihamishwe. Nilikuwa na mtoto mchanga, mume wangu akifanya kazi Bunda mjini. Nilitamani sana kubaki. Lakini nisaini kwamba wale watoto walipotezewa muda, na nimewaona kwa macho yangu wakielewa? Nilikataa.

Nikapelekwa Kibara, na Kibara kuna mitumbwi. Nikalipeleka darasa mwaloni, ufukweni wanakotua wavuvi, tukakokota mtumbwi kutoka majini hadi mchangani, kitenzi kilekile. Mkuu wa huko, mama mkali, alisema yeye hajaona kitu, mradi warudi kabla ya uji. Nilidumu huko miaka mingi. Cheo kilinipita mara tatu, maana kila aliyefungua jalada alikutana na ile barua. Niliumia, sitadanganya.

Nilipokwenda Musoma kukamilisha karatasi za kustaafu, afisa utumishi, kijana mstaarabu, alinionea huruma.

"Mama, hii barua inakuharibia. Wastaafu tunawasaidiaga. Andika mistari miwili tu ya kuomba radhi, niitoe, uondoke msafi."

Nikaomba niisome kwanza. Ilisema mwalimu alikutwa shambani katika kipindi cha Kiingereza, wanafunzi wakilima na ng'ombe, kwa kisingizio cha kufundisha maana za kitenzi. Nikapekua karatasi nyingine zote, vibali vya likizo, fomu za uhamisho, nakala za vyeti. Hakuna hata moja iliyosema nilifundisha nini.

"Iache humo, baba," nikamwambia. "Ni hiyo peke yake inayosema kazi niliyofanya."

Akanitazama, akavuta droo ya meza yake, akalirudisha jalada kama lilivyokuwa.

Walimu vijana wanaonitembelea hapa Nyakato huniuliza kama najuta. Nawajibu kwamba onyo lile bado liko Musoma, na mimi bado sijaomba radhi.