Server yangu ya Kabuchai ilikuwa inazima kila siku, na sababu nilikuwa nimeshaikula mwenyewe

Wakuu, niaje. Hii ni yangu mwenyewe, hakuna chumvi nimeongeza, na natamani ningekuwa nimeongeza.

Niko Kitale, kazi yangu ni kufunga mitandao ya maofisi. Kuna ofisi moja ilihama, wakaniambia nibebe vyuma zao za zamani nikatupe. Kati yake kulikuwa na firewall, ile mashine ya kulinda mtandao wa ofisi, kisanduku cha bati saizi ya Biblia ya mchungaji. Mimi nitupe kitu kizima? Aka.

Nikafungua. Ndani ni kompyuta kamili, haina hata feni, joto inatokea kwa bati lenyewe. Nikaongeza RAM, nikaweka SSD ya kuhifadhi mafaili, nikafuta software yake nikapiga Linux, na juu yake containers. Kwa wenye hawajui, container ni kupatia kila program chumba chake ikae bila kusumbua jirani. Wikendi tatu zilienda. Ile console cable, waya wa kuunganisha laptop nayo, peke yake karibu nitupe kila kitu chooni.

Sasa, ya nini yote hiyo?

Mzee wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa hapendi kuandika message, yeye ni voice note tu. Nilikuwa nazo karibu mia mbili kwa simu. "Umefika?" "Mbona hupigi?" Ingine ni dakika nne analalamikia ng'ombe ya jirani. Siku moja mama akaniambia ameanza kusahau vile mzee alikuwa anacheka. Hiyo iliniuma sana. Nikasema nitamtengenezea mahali, abonyeze kitu moja kwa simu yake, mzee aongee.

Najua mnataka kuuliza kwa nini sikumwekea tu memory card. Tulieni.

Nikapeleka kisanduku, sasa ni server, nyumbani kwa mama Kabuchai, nikaweka juu ya kabati sebuleni, nikaunganisha na Wi-Fi. Mama akachinja kuku. Akamskia mzee akiuliza kama nimefika, akacheka, akalia, akacheka tena. Kichwa yangu ikavimba bana. Nikahamisha voice notes zote huko, nikafuta kwa simu yangu ndio nipate space.

Ndio, nilifuta. Msinitukane bado.

Kuingia wiki ya pili, simu ikalia asubuhi.

"Wafula, baba yako amenyamaza."

Nikamwambia achomoe waya, ahesabu mpaka kumi, arudishe. Mzee akarudi. Kesho yake, amenyamaza tena. Siku nne mfululizo! Na kila nikipokea hiyo simu naskia vibaya, juu ni kama mama anafiwa upya kila asubuhi na mimi ndio naletea yeye matanga.

Nikapiga simu nikasema Jumamosi nakuja. Kufika, kisanduku kiko juu ya kitambaa cheupe, kinang'aa, kiko poa kabisa, kinafanya kazi. Nikakaa kukiangalia mpaka saa tisa. Hakuna kitu. Nikalaumu stima. Mama akachinja kuku, nikakula, nikarudi Kitale.

Jumatatu: "Amenyamaza."

Jumamosi ingine nikapiga simu nakuja. Nikabeba adapta mpya, UPS ndogo ya kushikilia stima ikipotea, nikabadilisha hadi ile dawa ya kupoza processor. Kitambaa cheupe tena. Kila kitu sawa tena. Kuku ingine tena.

Jumatatu: "Wafula, ulikuja kufanya nini?"

Wakuu, mimi nafunga mitandao ya watu na wananilipa! Nikasoma logs, yaani rekodi za mashine, kupitia mtandao nikiwa Kitale. Joto inapanda mpaka inakaribia digrii mia, alafu inazima. Joto ya wapi? Kabuchai ilikuwa mvua kila siku, watu wamevaa masweta! Mbaya zaidi, SSD ilikuwa imeanza kutoa errors. Hapo ndio nilishtuka, kwa sababu sauti ya mzee haikuwa mahali pengine popote duniani.

Nikapata kazi Tongaren, ikaisha mapema. Nikaamua nipitie nyumbani. Sikupiga simu.

Nikaingia sebuleni. Kitambaa hakuna. Juu ya server kuna katoni. Juu ya katoni kuna gunia. Na gunia linalia piu piu piu.

Nikainua. Vifaranga tisa.

"Sasa wewe," mama akasema akitoka jikoni, "mbona hukusema unakuja? Si ningepanga nyumba?"

"Mama, hizi ni nini?"

"Hapo kuna joto. Nikilala nafunika na gunia ndio baridi isiwamalize. Hii kitu yako ni mzuri sana, hata mmoja hajakufa."

Kumbe kila nikisema nakuja, mama anahamisha vifaranga jikoni, anapanguza kabati, anatandika kitambaa. Ati mtoto wangu ametoka Kitale, apate kuku sebuleni? Nikiondoka, zinarudi.

Nilikuwa nimekasirika. "Kwani mama yao ako wapi awalalie?"

Akaniangalia kama mtu hana akili.

"Si ulimkula. Siku ulileta hii kitu. Baada ya matanga ndiye pekee alikuwa amebaki mkubwa, hao wengine umekula nilinunua kwa jirani. Mtoto ametoka Kitale, nimpe sukuma wiki?"

Nikakaa chini.

Nikatoa SSD, nikaanza kuokoa kwa laptop. Zote zilitoka isipokuwa sita. Na kati ya hizo sita kulikuwa na ya mwisho kabisa, yenye mzee alinitumia wiki ile alilazwa. Nilikuwa sijawahi kuifungua. Niliona ni ndefu, nikasema nitaskiza baadaye.

Nilienda kusimama kwa miwa nikalia kama mtoto. Alafu nikarudi nikamwambia mama ukweli.

"Ile ndefu? Ile ya redio?" Akaendelea kuchagua mahindi kwa ungo. "Anasema hivi. Wafula, hiyo redio yangu ulifungua ati unatengeneza, ilikuwa inaongea. Sasa haiongei. Ukikuja usiniletee kitu ingine mpya. Rudisha hiyo vile ilikuwa."

Akakohoa mara mbili, pale mzee alikohoa.

"Alafu anasema, haya, kaa salama."

Alikuwa ameiskiza kila asubuhi. Zile zingine tano pia alikuwa nazo kichwani. Nilimrekodi akizisema zote, na kikohozi ndani.

Somo ni hili: usifute kitu kabla hujakiweka mahali mbili, na uliza mwenye nyumba anatumia mashine yako kufanya nini. Sauti za mzee sasa ziko kwa laptop yangu, kwa simu ya dada yangu, na kwa memory card ndani ya simu ya mama. Ndio, memory card. Sasa tukaneni.

Server nimewaachia vifaranga. Gunia nimenyang'anya.

Na hiyo redio ya mzee iko hapa mbele yangu Kitale, ile ya betri nne, spika imekatika. Mwenye ako na spika ya zamani kama hiyo aseme hapo chini, nitakuja kuchukua popote uko. Msinishauri niiboreshe. Nataka tu iongee.